Tembe Mbili za Mafua Leo, Nimonia Sugu Kesho

MSIMU wa baridi unapoingia Nairobi na miji mingine ya nyanda za juu, kati ya Juni na Agosti, kuna biashara inayovuma kuliko hata ile ya makoti ya mtumba. Ni biashara ya dawa za kifua. Simama kidogo kando ya kemisti yoyote mtaani saa za jioni, wakati watu wanaposhuka matatu wakitoka kazini, nawe utayasikia maneno yale yale: "Nipe dawa ya homa na kifua." Muuzaji haulizi mengi. Hukata tembe nne au tano kutoka kwenye karatasi yake, akazitia katika bahasha ndogo ya kaki na kuandika juu yake zimezwe mara ngapi. Mnunuzi hulipa, akashika njia kwenda zake.

Kwa kutazama tu, hapo hakuna aliyedhulumiwa. Muuzaji amepata riziki yake na mgonjwa amepata tembe zake. Hata hivyo, maoni yangu ni kwamba katika biashara hiyo yuko mtu wa tatu anayelipa bila kuulizwa. Mtu huyo ni mtoto wa jirani, ambaye siku moja atapelekwa hospitalini akihema kwa taabu, na dawa ambayo ingemponya itakuwa imepungua nguvu kwa sababu sisi wengine tuliitumia kutibu mafua.

Dawa ninazozizungumzia ni antibiotiki, au viuavijasumu kama wanavyoziita wataalamu wa lugha. Ni miongoni mwa vitu vyenye thamani kubwa mno ambavyo binadamu amewahi kuvipata, na tunavichezea.

Adui asiye wake

Tuanze na jambo ambalo wengi wetu hatulitofautishi. Maradhi ya njia ya kupumua huletwa hasa na viini vya namna mbili: virusi na bakteria. Mafua, homa ya kawaida, pua kuvuja pamoja na koo kuwasha, na sehemu kubwa ya vikohozi vinavyotushika wakati wa baridi, huletwa na virusi. Antibiotiki haziui virusi. Penisilini na jamaa zake, ikiwemo amoksilini, hufanya kazi kwa kuuvunja ukuta unaomzunguka bakteria. Virusi havina ukuta huo. Kumpa mtu mwenye mafua amoksilini ni sawa na kumwita fundi wa kufuli aje afungue nyumba isiyokuwa na mlango.

Najua utaniambia: "Lakini mimi nilimeza, nikapona." Naam, ulipona. Mafua humalizika yenyewe kwa muda wa wiki moja au siku kumi hivi, na kikohozi chake chaweza kubaki hata wiki tatu. Aliyemeza tembe siku ya nne akaamka mzima siku ya saba huisifu tembe, na kumbe angeamka mzima siku hiyo hiyo kwa chai ya tangawizi na usingizi. Hata makohozi yakigeuka rangi na kuwa ya kijani, hiyo pekee si ishara kwamba unahitaji antibiotiki.

Kosa hili si la Wakenya peke yao. Wakati wa janga la Covid-19, ugonjwa unaoletwa na virusi, watu katika nchi nyingi walibugia dawa ya azithromaisini wakitumaini ingewaokoa. Uchunguzi mkubwa uliofanywa Uingereza, na matokeo yake kutangazwa kati ya mwaka wa 2020 na 2021, ulionyesha kuwa dawa hiyo haikuwasaidia wagonjwa hao kupona. Kilichobaki ni bakteria walioionja dawa bila ya sababu.

Si mwili uliozoea

Kuna msemo tunaoupenda: "Dawa hiyo mwili wangu umeizoea." Msemo huo ndio chanzo cha kutoelewa. Mwili wako haujazoea chochote. Wanaozoea ni bakteria, na bakteria hawakai kwako tu, huhama.

Chukua mfano wa bakteria anayeitwa nimokoka, ambaye ni miongoni mwa wasababishi wakuu wa nimonia. Bakteria huyu hukaa kimya ndani ya pua na koo za watu wazima na hasa watoto wadogo, bila ya kuwaletea ugonjwa wowote. Mtoto anaweza kuwa naye akacheza, akala na kulala vizuri. Ni pale tu bakteria huyo anapopata nafasi ya kushuka mapafuni, au kuingia katika damu, ndipo balaa huanza.

Sasa fikiri umepatwa na mafua ukameza antibiotiki. Virusi vya mafua havitaguswa. Lakini nimokoka waliokuwa wamejikalia puani mwako watapata kipigo. Wale dhaifu watakufa. Ikiwa miongoni mwao wamo wachache ambao kwa bahati ya maumbile dawa hiyo haiwawezi, hao watabaki, nao watapata uwanja mtupu wa kuzaana. Baada ya siku chache pua yako itakuwa na kizazi kipya, na kizazi hicho ni sugu. Ukikohoa ndani ya matatu iliyofungwa madirisha kwa sababu ya mvua, au ukimbusu mwanao anayekwenda shule ya chekechea asubuhi, umekisafirisha. Wewe umepona mafua yako, na hujui kuwa umegawa kitu.

Kuna jambo jingine la kutisha. Bakteria hawa hufundishana. Mwaka wa 1928, daktari Mwingereza aitwaye Frederick Griffith alitangaza kuwa nimokoka walio hai wanaweza kuchukua tabia kutoka kwa nimokoka waliokwisha kufa. Aliwachanganya nimokoka wasioweza kuua panya pamoja na mizoga ya nimokoka wakali, na panya wakafa. Leo tunajua kwamba walichokichukua ni vipande vya chembechembe za urithi. Kwa njia hiyo hiyo nimokoka anaweza kuokota usugu kutoka kwa jamaa zake wanaoishi naye kooni. Haimlazimu kuuvumbua mwenyewe, huurithi bure.

Onyo la mwenye dawa

Mwaka huo huo wa 1928, mjini London, Alexander Fleming aligundua kuwa ukungu ulioota katika kisahani chake cha maabara ulikuwa unawaua bakteria. Hiyo ndiyo asili ya penisilini. Miaka ya 1940 dawa hiyo ilianza kutengenezwa kwa wingi, na nimonia, ambayo hadi wakati huo ilikuwa miongoni mwa wauaji wakubwa hata katika nchi tajiri, ikawa ugonjwa wa kutibika.

Mwaka wa 1945 Fleming alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Howard Florey na Ernst Chain. Katika hotuba yake ya tuzo hiyo, mtu huyu hakujisifu tu. Alionya. Alihofia kwamba ingefika siku penisilini ingenunuliwa madukani na mtu yeyote, na mtu asiyejua angeweza kumeza kiasi kidogo kisichotosha, akawafundisha bakteria kuishinda dawa. Alitoa mfano wa bwana mmoja anayeumwa koo, ambaye ananunua penisilini na kujitibu kwa kiasi kidogo. Hamalizi bakteria wake bali anawatia usugu. Kisha anamwambukiza mkewe, naye mkewe anapata nimonia. Anatibiwa kwa penisilini, lakini dawa imekwisha kushindwa, na mke anafariki. Fleming akauliza ni nani basi aliyesababisha kifo cha mama yule.

Msomaji, swali hilo liliulizwa zaidi ya miaka 75 iliyopita na aliyeigundua dawa yenyewe. Ukiligeuza jina la mji na la mtaa, ni swali la Kayole, Kisauni na Kondele. Katika mfano wa Fleming aliyekufa hakuwa yule aliyemeza vibaya. Alikuwa mwingine.

Usugu ulivyotufikia

Haikuchukua muda onyo hilo kutimia. Mwaka wa 1967 watafiti nchini Australia waliripoti nimokoka aliyepunguza kuiogopa penisilini. Miaka kumi baadaye, mwaka wa 1977, nimokoka sugu walipatikana katika hospitali za Durban na Johannesburg, Afrika Kusini, na baadhi yao walikuwa wamezishinda dawa kadhaa kwa mpigo. Tangu hapo wamepatikana katika kila pembe ya dunia.

Hapa kwetu, mzazi aliyelea watoto katika miaka ya 1990 hatakuwa amesahau kotrimoksazoli, dawa ambayo wengi waliijua kwa jina la Septrin. Ilikuwa rahisi, ilipatikana hadi katika zahanati za mashambani, na ndiyo iliyokuwa ikitegemewa kutibu nimonia ya watoto. Kadiri miaka ilivyopita, bakteria wa kifua waliizoea. Kufikia mwaka wa 2014 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikuwa limeiondoa katika nafasi hiyo na kupendekeza amoksilini iwe ya kwanza kwa mtoto mwenye nimonia. Yaani tumeshavuka daraja moja na daraja hilo limeanguka nyuma yetu. Sasa tumesimama juu ya la pili.

Anayedhani kuwa dawa haiwezi kutuponyoka na akumbuke klorokwini. Kila nyumba ilikuwa nayo, chungu kama shubiri, na kila homa ilitibiwa kwayo. Mwaka wa 1998 Kenya iliiacha kama dawa ya kwanza ya malaria kwa sababu vimelea vilikuwa vimeishinda. Malaria si bakteria, lakini somo ni lile lile.

Habari njema, na ndiyo sababu ya mimi kuandika leo, ni kwamba amoksilini bado inawaponya watoto wengi wenye nimonia. Usugu wa nimokoka wengi si kamili, na dozi iliyopimwa sawasawa huweza kuushinda mapafuni. Lakini bakteria huyo huyo akiingia katika utando wa ubongo na uti wa mgongo, hata usugu mdogo huweza kuifanya penisilini ishindwe kabisa. Tunalo jambo la kulinda, na halijachelewa.

Ukubwa wa hasara nao si wa kukisia. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2022 katika jarida la Lancet ulikadiria kuwa mwaka wa 2019 pekee watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu, na vifo milioni 4.95 vilihusiana nao kwa namna fulani. Miongoni mwa maradhi yote yaliyohesabiwa, yaliyoongoza ni yale ya mapafu na njia ya chini ya kupumua: zaidi ya vifo milioni 1.5. Na sehemu ya dunia iliyoumia zaidi kwa kulinganisha idadi ya watu ilikuwa Afrika, kusini mwa Sahara.

Lawama ni ya wengi

Ni rahisi kumnyoshea kidole mama anayenunua tembe tano. Mimi sitafanya hivyo. Mama huyo ameamka alfajiri. Akienda zahanati ya umma atapanga foleni nusu ya siku, na kibarua cha siku hiyo kitakuwa kimepotea. Huenda akifika dirishani aambiwe dawa hakuna, akanunue nje. Kemisti iko hatua ishirini kutoka mlangoni pake, haina foleni, inakubali pesa alizo nazo, na muuzaji anamjua kwa jina. Kwa hesabu yake ya siku hiyo hajakosea.

Nawalaumu kwanza baadhi ya wenye kemisti. Sheria za nchi hii zinasema kuwa antibiotiki ni dawa za kuuzwa kwa cheti cha daktari. Bodi ya Dawa na Sumu ipo, na kazi yake inajulikana. Ni jambo la kusikitisha kwamba katika mitaa mingi sheria hii imekuwa kama bango la "Usitupe Taka Hapa", ambalo chini yake ndipo penye jaa. Mtu aliyesomea famasia anajua vyema kuwa tembe tano za amoksilini si dozi ya ugonjwa wowote wa kifua. Akiziuza, anauza akijua.

Pili, nawalaumu baadhi ya madaktari na maafisa wa kliniki. Mgonjwa mwenye mafua anapofika katika kliniki ya kulipia hutarajia kuondoka na mfuko wa dawa. Akiambiwa akapumzike na kunywa maji, huona amelaghaiwa. Baadhi ya waganga huogopa kumpoteza mteja, basi humwandikia antibiotiki, na mara nyingine si ya kawaida bali ile kali: azithromaisini, au sindano ya seftriaksoni. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka wa 2017 limezigawa antibiotiki katika makundi matatu: za kutumiwa kwanza, za kutumiwa kwa uangalifu, na za akiba. Amoksilini imo katika kundi la kwanza. Azithromaisini na seftriaksoni zimo katika la pili. Kumpa mtu mwenye kikohozi cha siku tatu dawa ya kundi la pili ni kumwita jeshi kuja kumfukuza kuku uani.

Tatu, tunalaumika sisi wazazi tunaomshinikiza daktari. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Tunashindwa kuvumilia mtoto akohoe siku tano, tunadai dawa isiyomfaa, na siku atakapoihitaji kweli tutalia sisi.

Tukifunga kemisti, mama aende wapi?

Wako wanaosema dawa ya tatizo hili ni rahisi: polisi na wakaguzi wavamie, wafunge, washtaki. Naliheshimu wazo hilo lakini sikubaliani nalo likiwa peke yake. Nimonia bado inaua watoto zaidi ya 700,000 walio chini ya umri wa miaka 5 duniani kila mwaka, na wengi wao hawafi kwa sababu dawa imeshindwa. Wanafariki kwa sababu dawa haikuwafikia, au iliwafikia kwa kuchelewa. Ukifunga kemisti mtaani ambako zahanati hufungwa saa kumi jioni, mtoto atakayeanza kuhema kwa taabu saa mbili usiku umemhukumu.

Shabaha yetu isiwe kuzinyima antibiotiki njia. Iwe kuzipeleka kwa mwenye nimonia na kuzizuia kwa mwenye mafua. Mambo hayo mawili lazima yaende pamoja, na lile la kwanza ndilo ghali. Ndiyo maana viongozi hulikwepa na kukimbilia kutoa amri.

Tangu mwaka wa 2013 huduma nyingi za afya ziko mikononi mwa serikali za kaunti. Kila gavana anayejisifu kwa kufungua jengo jipya aulizwe maswali matatu. Je, zahanati zake za mitaani hufunguliwa jioni, wakati wafanyakazi wanaporudi nyumbani? Je, amoksilini ya watoto, ile ya kuyeyushwa kwa maji, haikosekani rafuni mwezi mzima? Je, yupo mhudumu mwenye saa ya kuhesabu pumzi za mtoto, na hewa ya oksijeni kwa yule aliyezidiwa? Serikali ya kitaifa ilitoa sera ya kupambana na usugu wa dawa mwaka wa 2017 pamoja na mpango wa utekelezaji. Karatasi tunazo. Zahanati iliyo wazi saa moja jioni yenye dawa rafuni itapunguza uuzaji holela kuliko misako kumi. Zahanati zikishakuwa hivyo, ndipo sheria ishike barabara, na muuzaji akose kisingizio.

Wapo waliofaulu

Asije mtu akatuambia kuwa maji yamekwisha kumwagika. Mapema katika miaka ya 1990, Finland ilikumbwa na usugu wa bakteria wa koo dhidi ya dawa ya erithromaisini. Wataalamu wa nchi hiyo waliwaagiza madaktari wapunguze kuiandika dawa hiyo kwa maradhi ya kifua na ngozi, nao wakatii. Mwaka wa 1992 bakteria sugu walikuwa asilimia 16.5 ya wale waliopimwa. Kufikia mwaka wa 1996 walikuwa wamepungua hadi asilimia 8.6. Dawa haikubadilishwa. Ilipumzishwa tu.

Sisi wenyewe tunao ushindi wa kujivunia, na ulipatikana Kilifi, ambako Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu nchini (KEMRI) pamoja na washirika wake wamefuatilia maradhi haya kwa miaka mingi. Mwaka wa 2001 Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi ya bakteria wa Hib, na katika muda wa miaka michache maradhi ya Hib miongoni mwa watoto wa Kilifi yalishuka kwa zaidi ya asilimia 80. Mwaka wa 2011 ikafuata chanjo ya nimokoka. Watafiti walipohesabu baadaye, maradhi makali yaliyoletwa na aina za nimokoka zinazolengwa na chanjo hiyo yalikuwa yamepungua kwa asilimia 92 miongoni mwa watoto walio chini ya miaka 5. Hata wale ambao hawakuchanjwa walinufaika, kwa kuwa bakteria walipungua puani mwa waliochanjwa.

Tafakari jambo hilo. Kama vile usugu unavyopita kutoka pua hadi pua, kinga nayo hupita. Mtoto asiyeugua hahitaji antibiotiki, na bakteria asiyekuwepo hawezi kuwa sugu. Mwenye mtoto mchanga na atazame kijitabu chake cha kliniki: chanjo hizi hutolewa akiwa na wiki 6, 10 na 14, bila malipo katika vituo vya umma. Kuikosa moja kwa uzembe ni kumfungulia bakteria mlango.

Wewe ufanye nini

Msomaji, hutakiwi kuwa daktari. Unatakiwa tu kujua ni lini usubiri na ni lini ukimbie.

Mtoto mwenye mafua na kikohozi, anayecheza, anayenyonya au kula, na anayepumua kwa utulivu, anahitaji vinywaji vya kutosha, chakula, joto na uvumilivu. Lakini mtazame kifua. Akiwa ametulia, si wakati analia, hesabu pumzi zake kwa dakika moja kamili. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Wa kuanzia miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka mmoja, pumzi 50 au zaidi. Wa kuanzia mwaka mmoja hadi miaka 5, pumzi 40 au zaidi. Ukipata idadi hiyo, au ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipatwa na degedege au akilegea asiamke vizuri, usingoje hata kupambazuke. Huyo ndiye tunayemwekea antibiotiki akiba.

Mtu mzima anayehema kwa shida, anayechomwa kifuani anapopumua, au anayetema damu, naye asijitibu. Na mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi aende akapimwe kifua kikuu. Vipimo na dawa zake hutolewa bure katika vituo vya umma. Ni hatari kubwa kukizungusha kikohozi hicho kutoka kemisti hii hadi ile, kwani baadhi ya antibiotiki hukituliza kifua kikuu kwa muda na kuchelewesha kugunduliwa kwake, huku kikiwafikia wa nyumbani.

Ukiandikiwa antibiotiki, muulize daktari bila ya haya: "Je, ugonjwa wangu ni wa bakteria? Nisipomeza itakuwaje?" Daktari mzuri atafurahi kukujibu. Akisema umeze, zimeze kama alivyokuagiza, kwa kiasi chake na kwa siku zake. Ni kweli kwamba uchunguzi wa miaka ya karibuni umeonyesha baadhi ya maradhi hupona kwa siku chache kuliko ilivyodhaniwa zamani. Lakini wa kuzipunguza siku hizo ni aliyekupima, si mfuko wako wala uvivu wako. Usiweke masalio kabatini, na usimgawie jirani kwa sababu anakohoa kama ulivyokohoa wewe. Ukimwonea huruma, msindikize zahanati.

Nawe mwenye kemisti, iwapo unasoma ukurasa huu, fahamu kwamba mtaa unakuamini kuliko unavyodhani. Siku utakapomwambia mteja, "Mafua haya hayahitaji antibiotiki, chukua dawa ya kutuliza maumivu na urudi nyumbani ukapumzike," utapoteza shilingi chache. Na mteja yule yule akija na mtoto anayehema, umwambie, "Huyu si wa kutibiwa hapa, mkimbize hospitali," utakuwa umefanya kazi ambayo hakuna mkaguzi anayeweza kuilazimisha.

Tangu miaka ya 1980 aina mpya kabisa za antibiotiki zilizogunduliwa ni chache mno. Hakuna ghala lililojaa dawa nyingine likitungoja tumalize hizi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hakuna ajuaye fundi wake atatoka wapi. Kwa hivyo mafua yakikushika msimu huu, jifunike, unywe chai yako ya moto, uwavumilie virusi wale hadi waondoke. Amoksilini na ibaki mahali pake. Yuko mtoto atakayeihitaji, na huenda akawa wako.